Kabati na Kifuniko cha Mvule kwa Tangi la Samaki: Mwaka Mmoja na Miezi Miwili Baadaye

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni tena. Kabla sijataja bei wala vipimo, naomba mtazame ninavyouinua mlango huu wa mbele wa kifuniko kwa kidole kimoja, ukasimama juu bila kutikisika, huku samaki wakikusanyika upande huu kwa sababu wamekwisha kujua kwamba mlango ukifunguka chakula kinakuja. Mlango huu umefunguliwa na kufungwa mara mbili kila siku kwa mwaka mmoja na miezi miwili, juu ya maji yenye joto la nyuzi 25, na mpaka leo haujapinda, haujavimba wala haujakwama. Nimengoja muda wote huo kwa makusudi. Kabati la tangi la samaki likiwa jipya kila mtu hulisifu, na ubaya wake huanza kujitokeza pale linapopitiwa na msimu mzima wa mvua na msimu mzima wa kiangazi.

Nayasema haya nikiwa na uchungu wa lile nililokuwa nalo kabla ya hili. Lilikuwa la mbao zile za unga wa maranda ulioshindiliwa kwa gundi na kufunikwa kwa plastiki nyeusi, nikalinunua likiwa tayari katika karakana moja hapa Nairobi, na nikahakikishiwa kwamba maji hayangeweza kupenya. Baada ya miezi minane, kona ya chini iliyokuwa karibu na kichujio ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, skurubu hazikuwa na kitu cha kushika tena, na jioni moja nilipoweka pimamaji juu ya tangi nikakuta limeinama kwa milimita 6 upande wa kushoto. Usiku ule nilikesha nikichota maji kwa ndoo, samaki wakiwa katika beseni sebuleni, na nikaapa kwamba kabati litakalofuata litakuwa la mti wenyewe.

Vipimo vyote nimeviandika chini ya video hii, kwa hiyo sitavirudia kimoja kimoja. Itoshe kusema kwamba tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50, na kioo chake ni cha milimita 10. Maji yake ni lita 240, yaani kilo 240. Kioo kinakaribia kilo 55. Changarawe na mawe ni kilo 50. Jumla ni kilo 345 hivi, zikikaa mahali pamoja usiku na mchana. Wengi mmeniuliza kama mbao zinaweza kuubeba uzito huo, nami nawajibu kwamba hilo ndilo swali jepesi kuliko yote katika kazi hii. Nguzo ziko sita, boriti za juu zimekalia vichwa vya nguzo moja kwa moja, ubao juu ya ubao, na skurubu hazibebi uzito wowote bali huzuia tu viungo visisogee. Ukiona kabati ambalo boriti yake imepigiliwa ubavuni mwa nguzo, ikaning'inia kwa skurubu nne, usilinunue hata ukipunguziwa bei.

Lililo gumu ni unyevu, na ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye kifuniko.

Mbao ni za mvule, nilizozinunua katika soko la Gikomba hapa Nairobi, na muuzaji alinieleza kwamba zilitoka Kongo. Mvule huwa na rangi ya manjano ukipasuliwa, kisha ukipigwa na mwanga hukolea polepole hadi kuwa kahawia yenye dhahabu. Hausumbuliwi sana na unyevu, ndiyo maana nikauchagua, ingawa una taabu zake. Tazameni kipande hiki nilichokihifadhi: alama hii nyeupe iliyo katikati ni jiwe hasa, chokaa iliyoganda ndani ya mti ulipokuwa ukikua, na fundi wangu alilipitishia randa bila kulijua, wembe wa randa ukamenyeka meno mawili. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kukereketa kifua, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuukata mvule au kuupiga msasa bila barakoa nzuri, na watoto wakae mbali.

Tulipozileta mbao karakanani, fundi alitaka kuanza kazi siku ileile. Mimi nikakata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya, nikakipima kwa mizani ya jikoni kikawa gramu 212. Nikakitia kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 na kidogo, nikawa nakitoa na kukipima tena na tena mpaka uzito ulipoacha kupungua, ukasimama kwenye gramu 180. Maji yaliyotoka ni gramu 32, na ukizigawanya kwa 180 unapata takriban asilimia 18. Huo ni unyevu mwingi mno kwa fanicha ya ndani ya nyumba ya Nairobi. Tukazipanga mbao kivulini, tukaweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, tukangoja wiki saba, na kipimo cha pili kikatoa asilimia 13. Hapo ndipo tulipoanza.

Sasa sogeeni nami hapa juu. Kifuniko hiki kina fremu, na ndani ya fremu kuna paneli mbili, kila moja ina upana wa sentimita 38. Ukiangalia kwa haraka utadhani paneli zimegandishwa kwa gundi pande zote nne, lakini sivyo. Fremu imechongwa mfuo wenye kina cha milimita 10 kuzunguka upande wa ndani, kingo za paneli zimeingia ndani ya mfuo huo kwa milimita 7 tu, na gundi haikutiwa mahali popote. Kila paneli imeshikiliwa na misumari midogo miwili tu, mmoja katikati ya ncha hii na mwingine katikati ya ncha ile, kusudi iweze kutanuka na kusinyaa kulia na kushoto kwa usawa.

Nitawaonyesha inavyofanya kazi. Mwezi wa Februari, jua lilipokuwa kali na hewa kavu, nilichora mstari mwembamba wa penseli upande wa chini wa paneli hii, pembeni kabisa palipogusana na fremu. Leo ni mwezi wa Aprili, mvua imenyesha wiki tatu, na ninaimulika tochi ili mwone vizuri: mstari hauonekani. Sikuufuta. Paneli imetanuka, ukingo wake umesogea karibu milimita moja ndani ya mfuo, na mstari umeingia pamoja nao. Upande wa pili imesogea vilevile, kwa hiyo paneli nzima imeongezeka karibu milimita 2 kwa upana. Kwa urefu haikuongezeka kwa kiasi cha kupimika, kwa sababu mbao hutanuka kwa kukatiza nyuzi zake, ile mistari inayofuata urefu wa mti, wala si kwa kuifuata. Milimita 2 mtaziona ni kidogo, lakini zikizuiwa, kitu fulani lazima kiachie: ama kiungo cha fremu kifunguke, ama paneli ipasuke katikati wakati wa kusinyaa.

Nakiri kwamba mwanzoni mimi ndiye niliyetaka gundi, kwa kuogopa paneli zisicheze na kupiga kelele. Fundi aliweka patasi chini, akaniambia, "Dada, ukitia gundi hapo, usinipigie simu mwezi wa pili." Alikuwa ameshatengeneza milango ya paneli kwa miaka mingi, na nashukuru kwamba nilimsikiliza.

Kosa tulilolifanya ni la vanishi, na lilinikera kweli. Tulipaka baada ya kuunganisha, badala ya kuzipaka paneli kwanza peke yake. Februari ilipofika na paneli zikasinyaa, kandokando ya fremu kukatokea ukanda mwembamba mweupe-manjano, mbao tupu ambazo hazikuwahi kuguswa na brashi, kazi yote nzuri ikawa imeharibiwa na ukanda wenye upana wa uzi. Fremu ilikuwa imeshagandishwa, kwa hiyo paneli hazingeweza kutolewa. Tukautumia wakati huohuo wa kiangazi, zikiwa zimesinyaa kuliko wakati wowote, tukaupaka ukanda ule kwa brashi ndogo, na kasoro ikaisha. Jambo lingine la vanishi ni kwamba upande wa chini umepata matabaka manne sawasawa na upande wa juu. Mafundi wengi hupaka panapoonekana tu, na paneli iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande mmoja na kujikunja kama sahani. Mvule pia una mafuta yanayoweza kuchelewesha vanishi kukauka. Tabaka la kwanza lilinata siku mbili, tukalikwangua, tukapaka kwanza lile tabaka la kuziba vinyweleo ambalo mafundi huliita sila, ndipo vanishi ikashika. Kifuniko kilikaa nje ya nyumba wiki mbili hadi harufu ilipokwisha, kisha ndipo kikaja juu ya samaki.

Nyuma ya kifuniko nimeacha uwazi wa sentimita 5 kwa urefu wote, na juu ya tangi kuna vioo viwili vyembamba vinavyozuia mvuke usipande wote. Mwezi wa Julai, sebule yangu inaposhuka hadi nyuzi 17 au 18 na maji yakiwa 25, mvuke hupanda na kugeuka matone mara tu unapogusa kitu baridi, na bila uwazi huo matone yangening'inia chini ya paneli kila asubuhi. Bawaba ni moja ndefu ya chuma kisichoshika kutu. Sikutaka bawaba za shaba, kwa sababu shaba ikidondokea majini huwadhuru kamba na konokono. Watazamaji wa Mombasa, hewa yenu ina unyevu zaidi, na mkiagiza kabati kutoka Nairobi litatanuka likifika kwenu. Mwambieni fundi aongeze nafasi ndani ya mfuo.

Kuhusu bei, nililipa shilingi 68,000 kwa kabati na kifuniko pamoja, na zaidi ya nusu ilikwenda kwenye mbao. Bei za mbao zilipanda sana baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, na mimi sijaona zikirudi zilipokuwa. Kabati la vyuma vya mraba vilivyochomelewa lingenigharimu chini ya nusu ya fedha hizo, na nimelisema vibaya mara nyingi kwenye chaneli hii. Leo napunguza ukali wangu: kwa kubeba uzito, chuma kilichopakwa rangi vizuri hakina ila. Aliye na bajeti ndogo aweke chuma chini, akivishe mbao kwa nje, na fedha za mvule azipeleke kwenye kifuniko, kwa kuwa hapo ndipo mbao hutazamana na maji. Kabati la maranda yaliyoshindiliwa, hapana, hata kwa bei ya kutupwa.

Wiki mbili zijazo nitaonyesha namna ya kuchonga mfuo kwa randa ya mkono, kwa kuwa wengi mmeniandikia kwamba hamna mashine, na Jumamosi jioni nitakuwa hewani moja kwa moja kuyajibu maswali yenu, naye fundi ameahidi kuwepo. Mkinitumia picha, pigeni upande wa chini wa kifuniko na pembe za fremu. Samaki bado wamesimama hapa mbele wakinitazama, kwa hiyo ninawapa chakula chao kwanza, kisha ninaushusha mlango.