Live/Dead ya Grateful Dead: fuata besi, gitaa litakukuta njiani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuna Live/Dead, albamu ya kwanza ya jukwaani ya Grateful Dead, bendi ya roki ya San Francisco, iliyotolewa na Warner Bros. Novemba 1969. Santuri mbili, nyimbo saba, muda wa zaidi ya dakika 70. Wengi huichukua kwa sababu ya sifa zake, wanaweka upande wa kwanza, dakika tano zinapita, wanaanza kuulizana: sasa wimbo wenyewe unaanza lini? Basi leo tuongee namna ya kuisikiliza, toleo lipi linafaa, na wapi inapwaya. Na inapwaya, nisiwafiche.

Kwanza ilivyorekodiwa, kwa sababu nusu ya kinachosikika kinatokana na hapo. Watu husema "rekodi ya onyesho" kana kwamba ni usiku mmoja. Sio. Ni usiku tatu, kumbi mbili, zote San Francisco. Dark Star na St. Stephen ni za Februari 27, 1969, pale Fillmore West. The Eleven na Turn On Your Love Light ni za mwezi mmoja nyuma, Januari 26, ukumbi wa Avalon. Death Don't Have No Mercy, Feedback na kile kipande kifupi cha kuagana ni za Machi 2, Fillmore West tena. Wamezipanga zifuatane kama onyesho moja, na usipoambiwa huwezi kujua.

Mtambo uliotumika ulikuwa wa traki 16. Mwaka 1969 hicho kilikuwa kitu kipya kabisa, na albamu hii inahesabiwa kuwa ya kwanza ya roki ya jukwaani kurekodiwa hivyo. Maana yake kwa msikilizaji ni hii: ukiwa na traki nne au nane, na jukwaani kuna wapigaji ngoma wawili, gitaa mbili, besi, ogani na waimbaji, inabidi uchanganye vitu palepale ukumbini. Ngoma zote zinabanwa kwenye traki moja au mbili, na ukishakosea umekosea, huwezi kurudi kuzitenganisha. Ukiwa na traki 16, kila ala inapata njia yake kwenye kanda, na kazi ya kupima nani awe mbele nani awe nyuma inafanyika baadaye, kwa utulivu. Bob Matthews na Betty Cantor ndio waliokuwa kwenye mitambo, na kazi yao inasikika hasa kwenye besi. Besi za rekodi nyingi za jukwaani za wakati ule ni ngurumo tu, unajua ipo lakini hujui inapiga noti gani. Hapa unasikia kila noti inapoanza na inapokatwa.

Na hiyo besi ndiyo ufunguo wenyewe. Phil Lesh hapigi besi ya kushikilia wimbo. Anapiga kwa kipande cha plastiki, si kwa vidole, kwa hiyo kila noti ina ncha kali mwanzoni, na anatembea juu na chini kama mtu anayebishana na gitaa la Jerry Garcia. Kama masikio yako yamelelewa na sebene, unajua kazi ya kila gitaa: kuna linalozungusha mzunguko uleule, na juu yake solo linacheza. Hapa usiutafute huo mzunguko, hakuna aliyepewa kazi ya kuushika. Bob Weir kwenye gitaa la pili anatupia vipande vya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, katikati ya mapengo, halafu ananyamaza. Ukimfuata Garcia peke yake, dakika kumi za kwanza zitakuchosha, utaona anazurura. Mfuate Lesh, utagundua ni mazungumzo, na Garcia mara nyingi ndiye anayejibu.

Sasa Dark Star yenyewe, dakika 23 na ushei, upande mzima wa santuri. Wimbo huu ulitoka kama singo mwaka 1968, na ile singo haifiki hata dakika tatu. Mashairi ni yaleyale ya Robert Hunter, ila ule mfupi ni ramani na huu ni safari. Muziki wenyewe umejengwa juu ya kitu kidogo sana: kodi ya A na G, mdundo wa taratibu, na kifungu kimoja cha melodia kinachorudi mara kwa mara. Ndiyo maana unaweza kurefuka hivi bila kuvunjika. Kodi zikiwa mbili tu hakuna mahali pa lazima pa kwenda, na mtu yeyote akihama wengine wanaweza kumfuata.

Mwanzo kabisa sauti inapanda polepole, kwa sababu usiku ule walikuwa wakitokea wimbo mwingine, Mountains of the Moon. Usidhani rekodi yako ni mbovu. Garcia anaanza kuimba takriban dakika ya sita, na akimaliza ubeti wa kwanza ndipo mlango unafunguliwa. Hapo sikiliza ngoma zinavyofanya, au tuseme zisivyofanya. Bill Kreutzmann na Mickey Hart, watu wawili wenye seti mbili, na kwa muda mrefu hakuna mdundo wa kukata kiuno. Kuna matoazi, kuna ala ya kukwaruza, kuna mguso hapa na pale. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo inayowaruhusu Lesh na Garcia kupunguza mwendo hadi karibu wasimame, kisha kuuongeza tena bila mtu kuhesabu "moja, mbili". Kuna mahali katikati gitaa linapanda, linarudia noti chache za juu, na bendi nzima inainuka chini yake. Wasikilizaji wengi wa mara ya kwanza huamka hapo. Ubeti wa pili unakuja karibu na mwisho kabisa, na ukifika unasikia kama kitu kilichofungwa mahali pake.

Tom Constanten yuko kwenye ogani humu ndani, na hapa nina lawama na miksi, yaani namna sauti za ala zilivyopimwa na kuchanganywa: amezikwa. Unamsikia vizuri kwenye vipande vya utulivu, lakini wote wakipandisha, anapotea kabisa. Na spika ndogo inamla mara mbili.

St. Stephen inaingia bila kusimama, na nasema wazi, kama una rafiki hajawahi kuisikia bendi hii, muanzishie hapa. Ina beti, ina mdundo wa kushika, na haifiki dakika saba. Halafu sikiliza mwisho wake kwa makini, kuna daraja fupi linaloimbwa, na ndipo tunaingia The Eleven. Hapo ndipo kiungo kilipo. Umetoka Februari 27 Fillmore West, umeingia Januari 26 Avalon, yaani umerudi nyuma mwezi mzima na kubadilisha ukumbi. Kwa spika hutagundua. Kwa hedifoni nzuri, sikiliza hewa inayozunguka ngoma: ukubwa wa chumba unabadilika.

The Eleven ndiyo kilele cha albamu hii, kuliko Dark Star. Wengine mtakataa, sawa. Jina linatokana na hesabu: mapigo kumi na moja kwa kila mzunguko. Ukijaribu kupiga makofi ya nne-nne utapotea mara moja. Hesabu hivi: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Tatu, tatu, tatu, mbili. Ila msianze kuhesabu sekunde ya kwanza, maana mwanzoni bendi inakwenda kwa makundi manne ya tatu, jumla kumi na mbili, mdundo unaobembea vizuri tu. Kisha wanaondoa pigo moja mwishoni mwa mzunguko, na ghafla kila kitu kinaonekana kukimbilia mbele, kama kwamba mzunguko unaofuata unaanza kabla huu haujaisha. Kosa la kawaida ni kushika hesabu kwa kufuata ngoma; wapigaji wawili wanajaza kila pengo na watakuvuruga. Shika kodi za Weir, zinaangukia mwanzo wa makundi kwa uwazi zaidi. Kuimba kunakuja mwishoni, kwa muda mfupi, sauti zinapandana, na maneno ni magumu kuyashika. Hayo yaacheni yapite. Utamu uko kwenye dakika kabla ya hapo.

Turn On Your Love Light, dakika 15. Huu ni wimbo wa Bobby "Blue" Bland wa mwaka 1961, na hapa umeshikwa na Pigpen, Ron McKernan, mwimbaji wa bluzi wa bendi. Anaimba, anaongea na watu, anawasukuma wasogeleane, bendi inashuka hadi kubaki ngoma na sauti, inapanda tena. Ukumbini lazima palichemka. Nyumbani, tatizo ni kwamba nusu ya burudani ni kumwona mtu akifanya hayo mbele yako. Bendi inapiga barabara, sina neno, lakini kipande cha katikati kinazunguka palepale zaidi ya mara moja. Sikiliza namna besi na ngoma zinavyorudi kila anapomaliza kuhubiri, hapo pana kazi ya kweli.

Upande wa nne watu huuruka, na wanakosea. Death Don't Have No Mercy ni wimbo wa Reverend Gary Davis, bluzi ya polepole ya dakika kumi, na Garcia anapiga gitaa bila haraka yoyote: noti inaachwa ining'inie, inakaribia kufa, ndipo inayofuata inakuja. Baada ya kelele zote za pande tatu, huu ndio uimbaji wake mzuri kuliko wote humu.

Halafu Feedback. Hapa hakuna wimbo. Gitaa linapoelekezwa kwenye spika yake likiwa na sauti ya juu, pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, inanasa mtetemo wa spika, inaurudisha kwenye amplifaya, nao unatoka tena mkubwa zaidi, unazunguka hivyo hadi unakuwa mlio unaojiendesha wenyewe. Mpigaji anaudhibiti kwa kusogea, kugeuza mwili, kugusa waya, kufungua na kupunguza kitufe cha sauti. Wao wanaupiga kama ala, kwa karibu dakika nane. Kwa sauti ndogo utaona ni ubovu wa mtambo. Kwa sauti ya kutosha unasikia milio miwili inakaribiana, inaanza kutetemeka, kisha inakutana. Mwisho ni ile aya ya kuagana inayoimbwa bila ala, chini ya dakika moja, inafifia katikati.

Haya, toleo. Santuri ya zamani ni nzuri kuishika na jalada lake ni la kutazamwa, lakini jueni mnachonunua. Dakika 23 kwa upande mmoja ni nyingi. Mifereji inabidi ibanane, kwa hiyo sauti inachongwa ikiwa ndogo zaidi, na kila vumbi na mkwaruzo unasikika kirahisi, hasa mwanzo wa Dark Star ambao ni kimya. Ukiwa unanunua iliyotumika, usiombe ichezwe Love Light, humo kelele zinafunika kila kitu. Omba dakika mbili za kwanza za upande wa kwanza, kisha mwisho wa upande uleule karibu na lebo. Sauti ya Garcia kwenye ubeti wa pili ikikwaruza kwenye herufi za "s", mfereji umeshaliwa na sindano mbovu, na hakuna kuosha kutakakourudisha. Tena kwenye santuri mfululizo unakatika kila unapogeuza upande.

Ndiyo maana kwa kusikiliza mimi nachagua diski au faili. Toleo lililosafishwa upya mwaka 2001, lililouzwa peke yake kuanzia 2003, linaunganisha nyimbo bila pengo, na nyongeza yake ina ile singo fupi ya Dark Star. Kwenye simu, kabla hujabonyeza, zima mpangilio wa kuchanganya nyimbo, zima ule wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, na kama programu inasawazisha sauti, chagua isawazishe kwa albamu nzima. Ikisawazisha kwa kila wimbo, Dark Star inapandishwa, St. Stephen inashushwa, na ule mruko kati yao unakufa. Kiwango cha sauti kipime kwa St. Stephen, kisha rudi mwanzo. Ukipimia Dark Star, dakika 23 baadaye utakimbilia kitufe. Na spika ya simu sahau, haitoi besi ya Lesh, na bila yeye hakuna kilichobaki cha kufuata.

Ukishaizoea, hatua inayofuata ni seti ya diski 10 ya mwaka 2005 yenye usiku zote nne za Fillmore West, Februari 27 hadi Machi 2, iliyochanganywa upya kutoka kanda zilezile za traki 16. Ilitengenezwa kwa idadi ndogo, kwa hiyo wauzaji wanajipangia bei; kuna mkusanyo wa diski 3 kwa asiyetaka kuhangaika. Ukibahatika kuipata ile kubwa, anza na Februari 27: sikiliza Mountains of the Moon ikiingia Dark Star bila kufifishwa, kisha St. Stephen, kisha The Eleven ya usiku uleule, na uilinganishe na ile ya Avalon. Ya Avalon ina kasi zaidi, na nadhani ndiyo sababu waliichagua.