Nakala za "Haymakers" na "Reapers" za George Stubbs: nimenunua seti mbili, uzoefu wangu

Nimeagiza nakala za picha hizi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Seti ya kwanza iliniuma, ya pili imenipa furaha kila asubuhi. Kama unataka kutundika sebuleni mavuno ya Uingereza ya karne ya 18, soma kwanza kabla hujalipa.

Picha zenyewe Stubbs, mchoraji wa Kiingereza aliyejulikana zaidi kwa picha za farasi, alizichora mwaka 1785 na kuzionyesha Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka uliofuata. Leo ni mali ya Tate, jumba la sanaa la London, na huko ndiko nilikoziona ana kwa ana. Katika "Haymakers" (wavuna nyasi), watu wanapakia nyasi kavu kwenye gari la farasi, na mwanamke mwenye reki amesimama wima katikati, anakutazama usoni. Katika "Reapers" (wavunaji) wanavuna ngano kwa mundu huku msimamizi akiwa juu ya farasi. Mama yangu amevuna mpunga kwa mundu Kyela miaka yote ya utoto wangu, kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono. Mkono mmoja unakamata konzi ya mashina, mwingine unavuta mundu, mgongo umeinama. Stubbs amepatia! Nilisimama pale muda mrefu, na nilipotoka nilikuwa nimeshaamua kwamba picha hizi lazima ziwe kwangu.

Seti ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Ilikuwa imechapwa kwenye turubai, sentimita 60 kwa 80. Kasoro zilikuwa mbili, na zote zingeonekana mapema kama ningejua cha kuangalia.

Kwanza vipimo. Picha halisi zina kimo cha karibu sentimita 90 na upana wa karibu 137. Piga hesabu: nakala yenye kimo cha 60 inahitaji upana wa kama 91 ili isipoteze kitu. Ukiletewa ya 80, ujue sentimita 11 zimekatwa. Kwenye picha ya ngano walikata upande wa mpanda farasi, akabaki amebanwa na fremu kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya. Hapo ndipo picha iliponifia. Yule nyapara ndiye anayekueleza shamba ni la nani. Wavunaji wako chini, yeye yuko juu, na kati yao kuna nafasi ambayo Stubbs aliipima kwa makusudi. Ukiibana hiyo nafasi, unabaki na watu waliovaa nadhifu wanaokata ngano, basi.

(Unadhifu wao umelaumiwa sana, eti mvunaji gani ana shati jeupe hivyo. Mimi naona amewapa heshima ileile aliyowapa matajiri na farasi wao. Lakini nakubali kuna kisichoonekana. Mwaka 1788, miaka miwili tu baada ya maonyesho yale, mahakama ya Kiingereza iliamua kwamba maskini hawana haki ya kisheria kuingia shamba la mtu kuokota masazo ya mavuno. Kwa Stubbs hakuna Ruthu wa Biblia anayeokota nyuma ya wavunaji.)

Kasoro ya pili ni turubai yenyewe. Stubbs alizichora hizi kwa rangi ya mafuta juu ya ubao, na uso wake ni laini. Turubai ya dukani inaleta vinyweleo vya kitambaa ambavyo havimo kwenye kazi yake, na vinakula mistari myembamba. Huyu ni mtu aliyekaa Horkstow, Lincolnshire, akipasua mizoga ya farasi ili ajue kila msuli ulipo; mstari wake ukififia, umepoteza nusu ya ulicholipia. Na rangi zilikuwa za manjano mno, kama picha iliyoachwa juani.

Seti ya pili niliagiza duka lingine, kwenye karatasi nzito isiyong'aa, kimo 60 na upana 91, bila kukatwa popote. Niliwaandikia kwanza kuuliza kama watapunguza kingo, wakajibu siku hiyohiyo kwamba hapana. Zilifika zimeviringishwa kwenye bomba gumu, bila kunjo. Uso wa yule mwanamke wa reki unasomeka ukiwa mita mbili mbali. Kijani cha miti ni kizito kidogo kuliko nilivyokiona London, ndiyo maana natoa nyota 4 badala ya 5. Fremu nilitengenezewa na fundi, maana kipimo hicho hukipati tayari madukani kirahisi, na iligharimu zaidi ya nakala zenyewe. Weka hilo kwenye bajeti.

Halafu nunua zote mbili. Stubbs mwenyewe alizitoa kwa pamoja kama picha za kuchapwa mwaka 1791, na nyasi na ngano ni misimu inayofuatana: nyasi huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, ngano kuelekea mwisho wake. Zangu nimezitundika ubavu kwa ubavu juu ya meza ya chakula, nyasi kushoto, ngano kulia. Mama alipokuja kututembelea alizitazama kimya, kisha akauliza yule wa juu ya farasi analipa shilingi ngapi kwa siku.