TAHADHARI: "Boksi halijafunguliwa" la karatasi za postikadi za chumba cha giza

Wadau wa kubadilishana postikadi za picha tunazosafisha wenyewe kwenye chumba cha giza, kuna muuzaji anayejitokeza kila duru ya kutumiana kadi inapokaribia. Anawafuata watu kwenye ujumbe wa faragha na kudai ana karatasi za picha za sentimita 10×15, 100 kwa boksi, zenye mistari ya anwani na mahali pa stempu mgongoni. "Halijafunguliwa, limekaa kwenye friji." Bei ni nusu ya boksi jipya. Kinachofika ni karatasi zilizoungua, yaani zilizokwisha kuharibika kwa mwanga au uzee: ukizisafisha kwa dawa, zinatoka za kijivu mwili mzima au nyeusi kwenye kingo. Jina lake halina faida hapa, maana anabadilisha akaunti. Mbinu ni ile ile.

Karatasi ya picha ndiyo mbuzi kwenye gunia hasa. Ukifungua gunia umwone, mbuzi anakufa, maana mwanga huiharibu karatasi. Yeye analijua hilo, na anajua pia kwamba mtu mwenye kadi 25 za kutuma kabla ya mwisho wa mwezi hana muda wa kupima.

Angalieni picha ya tangazo lake. Vidole vimeshika karatasi moja mbele ya dirisha, ili mnunuzi auone ule mgongo wa postikadi. Karatasi hiyo imeshakufa, haina mjadala. Sasa jiulize zile 99 zilikuwa wapi alipokuwa anaitoa hiyo. Pembeni kabisa ya picha mfuko mweusi unaonekana mdomo wazi, haujakunjwa. Boksi ambalo kweli halijafunguliwa halina picha ya karatasi. Lina picha ya utepe wa kiwandani na lebo yenye namba ya toleo, basi.

Jambo jingine ni idadi. Boksi lake la 100 huwa pungufu, na mara nyingine ndani kuna mchanganyiko wa zinazong'aa na zisizong'aa. Hapa hamhitaji giza, mnahitaji mizani ya jikoni. Karatasi ya 10×15 yenye gramu 190 kwa mita mraba ina karibu gramu 3, kwa hiyo 100 zinakaribia gramu 285 kabla ya boksi na mfuko. Mwambieni aweke boksi kwenye mizani apige picha. Atakayekasirika kwa ombi hilo kashajibu.

Likishafika, lipimeni siku hiyo hiyo. Zimeni kila kitu, hata taa nyekundu ya chumba cha giza, kwa sababu utetezi wake wa kwanza ni "taa yako mbovu". Gizani toeni karatasi tatu: ya juu, ya katikati na ya chini. Msipime ya juu peke yake. Huwa anapanga nzima juu na zilizoungua chini. Kateni ukanda wa sentimita 2 kwenye mojawapo na uingie fiksa (dawa inayofanya karatasi isiathiriwe tena na mwanga) moja kwa moja, bila developa (dawa ya kutokeza picha). Huo ndio weupe halisi wa karatasi. Zile tatu, bila kuzimulika popote, ziingie developa dakika 2, stopu (dawa ya kusimamisha developa) sekunde 10, kisha fiksa. Kwa karatasi zilizopakwa plastiki na dawa za Ilford, developa ya Multigrade ni 1+9 (sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji) kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na Rapid Fixer 1+4 inatosha sekunde 30. Suuzeni dakika 2, washeni taa, wekeni ukanda juu ya kila karatasi. Zikilingana, ziko salama.

Zisipolingana, umbo la ukungu (weusi au kijivu kisichotakiwa) ndilo linalosema. Weusi unaoingia kutoka ukingo mmoja, wenye mpaka au mfano wa mkunjo wa mfuko, ni mwanga, mtu alifungua. Kijivu cha sawasawa karatasi nzima kwa kawaida ni uzee au joto. Cha uzee, kikiwa hafifu, kinapunguzwa kwa benzotriazoli, dawa ya kuzuia ukungu: mchanganyiko wa asilimia 1, mililita 10 hadi 20 kwa lita ya developa, na muda wa kumulika utaongezeka. Cha mwanga hakina dawa.

Utetezi wake wa pili ni mashine za ukaguzi za posta. Si kweli. Karatasi ya chumba cha giza haiathiriki upesi kama filamu, na mionzi ingepita boksi zima, isingechagua kingo. Forodha kufungua kifurushi, hilo linawezekana, na ndiyo maana muuzaji makini hubandika onyo la kutofungua kwenye mwanga.

Tusionee karatasi za zamani, lakini. Kodak waliacha kutengeneza karatasi za nyeusi na nyeupe mwaka 2005, kwa hiyo boksi lao lolote limepita miaka 20, na bado zipo zinazotoa picha safi. Zile ambazo kontrasti yake (tofauti ya weusi na weupe) hubadilishwa wakati wa kuchapa huchoka mapema, kontrasti inashuka. Muuzaji mkweli husema "imepitwa na muda, haijapimwa" na bei inaendana na maneno hayo. Kosa la huyu ni neno "halijafunguliwa".

Kuhusu malipo, anasisitiza PayPal ya marafiki na familia "kukwepa makato". Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Lipeni kama bidhaa, mna siku 180 za kufungua madai. Walioko Nairobi au Dar wanaotuma kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu, fedha zikishatolewa kuzirudisha ni shughuli.

Aliyekwisha kulipa, asitupe kitu. Karatasi za majaribio zisuuzwe vizuri zisibadilike rangi, zipigwe picha pamoja na lebo ya boksi, na madai yafunguliwe kabla ya kuanza kubishana naye. Anapenda mabishano ya wiki tatu.

Na duru isikupite kwa sababu yake. Karatasi ya kawaida ya inchi 8×10 inatoa kadi tatu za 4×6: mbili zilale sambamba, ya tatu ikatwe kwenye kipande kinachobaki, na bado unapata kipande cha 2×4 cha majaribio ya muda. Boksi la 25 ni kadi 75. Mgongo wa plastiki haupokei wino wa kawaida, na muhuri wa posta unapakaa, kwa hiyo bandika lebo ya karatasi kwa anwani na stempu, au tia kadi kwenye bahasha.