Nilianza na prosesa, kumbe aliyechoka alikuwa mwingine

Nahariri video za arusi hapa Lubumbashi, Kongo, upande wa Kenya, mojawapo ya commune (wilaya) za mji. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya kusimama, ya mtumba, yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-4570 na kumbukumbu ya GB 16. Haikuwa na kadi ya grafiki, yaani kifaa cha peke yake cha kushughulikia picha. Picha zote zilitoka kwenye grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe.

Mwaka jana kazi zilinielemea. Video ya dakika 20, ikiwa na rangi zilizorekebishwa katika DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ilichukua saa 1 na dakika 10 kutoka kama faili iliyokamilika. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Nimewahi kumwambia mama wa bibi arusi arudi kesho mara tatu, na iliniuma sana.

Fundi mmoja akanishauri nibadilishe prosesa. Nikanunua Core i7-4770 iliyotumika kwa dola 45. Inaingia kwenye soketi ileile, na umeme inaotumia ni uleule, wati 84, kwa hiyo nilibadilisha tu pasta ya joto na kufunga. I5 yangu ina viini 4 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 4 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja). I7 ina viini 4 lakini nyuzi 8. Video ileile ikatoka kwa dakika 58. Nilishukuru, ila moyo haukutulia, maana bado saa nzima ilikuwa inapotea.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya bure kabla ya kutoa hela. Video ikiwa inatoka, nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager la Windows, nikaangalia nani anafanya kazi. Prosesa ilikuwa inacheza kwenye asilimia 40. Grafiki ilikuwa imegota 100. Resolve inabebesha grafiki kazi ya rangi na madoido, kwa hiyo i7 yangu ilikuwa imekaa inasubiri.

Nikatafuta kadi ya grafiki, GTX 1650 ya GB 4. Kuipata ilichukua wiki mbili, kwa sababu ugavi wa umeme wa Dell hii ni wati 290 tu na hauna waya wa kulisha kadi. GTX 1650 nyingi zinaridhika na wati 75 zinazotoka kwenye ubao mkuu wa mashine wenyewe, lakini kuna nyingine zimewekewa tundu la waya, na muuzaji mmoja karibu anipe hiyo. Geuza kadi uiangalie ukingo wa juu kabla ya kulipa. Yangu ilinigharimu dola 130, na video ikatoka kwa dakika 19.

Mdogo wangu anacheza mchezo wa GTA V humo jioni. I7 peke yake haikumsaidia kitu. Kadi ilipoingia, mchezo ukapanda hadi picha ya 1080p yenye mwendo laini.

Kisha nikarudisha i5 na kuacha kadi ndani, kwa sababu nilitaka kujua dola 45 zilikwenda wapi. Video ikatoka kwa dakika 23. Tofauti ya dakika 4! Kwenye mchezo ndiyo i7 ilijitetea: katikati ya mji wenye magari mengi, i5 ilikwamakwama, na hata tuliposhusha ubora wa picha, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) hazikuongezeka. Ukiona hivyo, ujue prosesa ndiyo imefika mwisho, kadi ingali na nguvu.

Binamu yangu wa Kolwezi anachora ramani za AutoCAD za kawaida na kujaza majedwali, alitaka kuninakili. Nimemwambia aache kadi kabisa. Michoro yake inategemea kasi ya kiini kimoja, na mashine yake bado inatumia diski ya kuzunguka. SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ndiyo atakayonunua mwezi huu.

I7 imebaki ndani. Kama ningeanza leo na dola 150, ningenunua kadi na kuendelea na i5.