Mnazi wa kununua Mombasa: upi kwanza, upi uuache

Wanunuzi wengi wa mnazi, pombe inayogemwa kwenye mti wa mnazi, huuliza kwanza, "Ni wa wapi?" Mimi huuliza, "Umeshushwa saa ngapi?" Rabai, Kaloleni, Mtwapa, kote huko kuna wagema hodari, lakini sifa za mahali haziuzuii mnazi kuchacha. Hamira ya hewani na ile iliyobaki ndani ya kibuyu huanza kazi mti ukingali unadondosha. Kwa joto letu, kilichokuwa sharubati alfajiri huwa tembo kamili, yaani pombe, adhuhuri, na kesho yake kimeshika njia ya siki.

Kwangu namba moja ni mnazi wa alfajiri, ununuliwe kwa mgema mwenyewe. Uliodondoka usiku, penye ubaridi kidogo, huwa haujachacha sana. Mzee ninayemwendea upande wa Mtwapa hushuka mapema, kotama (kisu cha kugemea) kiunoni, kibuyu begani. Huko juu ameshakata ncha ya karara, lile chipukizi la maua ya mnazi, kipande chembamba kama ukucha, ili lidondoshe tena, kisha akatundika kibuyu kingine. Akinimiminia huchuja nyuki na takataka kwanza. Kinachobaki kwenye bilauri ni cheupe kama tui la pili, na harufu yake ni ya dafu ikichanganyika na ya unga wa mahamri ulioumuka. Ukionja, utamu hutangulia, halafu ulimi unachomwachomwa, halafu uchachu mdogo kama wa ndimu iliyoiva. Uchachu huo ndio ninaoutafuta. Bila huo unakunywa maji ya sukari tu.

Usimkazanie sana bei. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mzee anakuuzia na mavuno yake.

Namba mbili ni wa jioni. Huu umeshinda juani, utamu umepungua, ukali umepanda. Kuunywa peke yake siupendi sana, lakini ukiwa na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, au samaki wa kukaanga, hapo unaupita hata wa alfajiri.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi msemo huu nautumia kama kipimo. Tikisa bilauri kidogo. Mnazi safi huacha povu laini linaloshika ukingoni; uliotiwa maji hutoa mapovu makubwa yanayokufa papo hapo, na ladha hukatika katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Uliotiwa sukari hunata midomoni na hauna uchachu. Omba kuonja kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Mgema akiwa mbali, namba tatu ni bia baridi, na sioni aibu kuiweka hapo. Tusker ina kilevi cha asilimia 4.2, inafaa joto la Mombasa kuliko Guinness yetu ya asilimia 6.5, ambayo mimi naiachia usiku wa mvua. Angalia tu chupa zilikokaa. Kreti lililoanikwa juani nje ya duka huharibu bia, na friji haiirudishii ladha yake.

Namba nne, mnazi uliolala. Wapo wanaoupenda kwa ukali wake, na siwabishii. Mimi nauona umepoteza harufu yote niliyoielezea hapo juu, na tumbo langu haliutaki. Ukikubakia, uache uwe siki ya kachumbari.

Wa mwisho ni ule wa chupa za plastiki mjini, kwa mtu usiyemjua, hana saa wala mti wa kukuonyesha. Huo usinunue. Pombe kali nayo isiyo na stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iache hapo hapo, hata bei ikiwa ya kutupa. Watu wamepofuka na wamekufa nchini humu kwa pombe yenye methanoli. Simu yako ikiwa na programu ya Soma Label, inayokagua stempu hizo, isomeshe stempu kabla ya kutoa pesa.

Jambo la kubeba. Niliwahi kufunga dumu kikiki na kuliweka nyuma ya gari. Karibu na daraja la Nyali kifuniko kiliruka, viti vikanuka wiki nzima. Mnazi unatoa gesi njia nzima, kwa hivyo legeza kifuniko na uache nafasi juu. Ukifika nyumbani tia kwenye friji. Hautaacha kuchacha, ila utapunguza mwendo. Nunua wa kuisha siku hiyo hiyo, na asiyekuwa na dereva asinywe kabla ya kurudi.

Na kwa wageni wasiokunywa, muulize mgema huyo huyo madafu. Mara nyingi atapanda tena akuangulie.