Fundi wa Tudor aliyepima kabla ya kuniuzia pampu

X-Trail yangu ni ya 2003, ya petroli, lita 2. Alfajiri nachukua samaki Liwatoni, hapa Mombasa, napakia boksi la barafu nyuma, navuka feri ya Likoni nikawapelekee wateja Diani. Kwa miezi mitatu pale pa kushukia feri palinitia hofu. Mlango umefunguliwa, mikokoteni na waenda kwa miguu wamenizunguka, nakanyaga mafuta nipande, nalo gari linasita kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu. Mara linashtuka, linakwenda. Mshale wa mafuta nao ulikuwa hautulii: naondoka stesheni na nusu tangi, nikifika Ng'ombeni umelala chini kabisa, nikifika Tiwi umepanda tena. Nikawa naongeza petroli ya 1,000 kila asubuhi kwa woga tu.

Gereji ya kwanza, ambayo siitaji, walichomeka mashine ikatoa msimbo P0171, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Wakabadilisha plagi, wakasafisha sensa ya hewa, nikalipa 6,500. Kesho yake kwenye feri ni yale yale. Sasa wakasema ni pampu ya petroli, 14,000, na mshale ni ugonjwa mwingine, tuuache.

Muuzaji mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi huyu wa Tudor. Banda lake halina hata kibao. Swali lake la kwanza: "Mama, mshale ukianguka, gari husita wakati ule ule?" Sikuwahi kuangalia. Akashika usukani yeye, mimi nikatazama mshale, tukazunguka mtaa. Ni kweli, kila aliposhindilia mafuta viliharibika pamoja. Akanieleza kuwa pampu na floti ya geji, yaani boya linaloendesha ule mshale, hukaa chombo kimoja ndani ya tangi. Vikiugua pamoja, tazama kwanza kinachoviunganisha.

Akainua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha tangi. Geji ya presha ya petroli ilionyesha PSI 45 (PSI ni kipimo cha presha), na alipokanyaga ikashuka hadi 36, wakati injini hii yataka 50 hivi bila kuyumba. Akachukua mita ya umeme. Betri ilikuwa volti 13.9 injini ikiwaka, lakini kwenye pampu zilifika 10.8. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye athi ya pampu, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, nyingine upande hasi wa betri: volti 2.7. Karibu umeme wote uliopotea ulipotelea hapo.

Aliyebadilisha pampu kabla sijalinunua gari alikuwa ameunganisha athi ya pampu na ya floti, akazikaza kwa skrubu moja kwenye bodi chini ya kiti. Skrubu imeliwa na kutu, shaba ya waya imegeuka kijani. "Mama, hapa nyuma wapakia nini?" Nilipomwambia samaki, akanionyesha njia ya maji: yale ya barafu, yenye chumvi, yalikuwa yakichirizika hadi pale pale. Pampu ikivuta umeme, athi mbovu inaizuia, presha inashuka. Na geji iliyoshikwa athi hiyo hiyo inasoma tangi limekauka.

Hata hivyo hakuridhika. Alitoa chombo kizima, akainua floti polepole huku akisoma mita, namba zikabadilika taratibu bila kuruka. Floti nzima, pampu nzima. Akakata waya ulioliwa, akalehemu mpya, kila athi na mahali pake, juu pasipofika maji. Presha ikasimama 51. Nililipa 3,800, na 1,500 ya hizo ni ya kupima, ambayo huichukua hata usipotengeneza. Mimi naiona halali kabisa. Ndiyo iliyoniokolea 14,000.

Ni wiki ya sita sasa, napanda kutoka feri na mzigo wangu bila kusitasita.

Lawama ninayo moja: kungoja. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaachiwa magharibi, na akiwa chini ya gari hashiki simu. Ukiwa na samaki, wafikishe kwanza. Na usiende na tangi lililojaa, kwa sababu akifungua pale juu petroli itamwagika, robo inatosha. Chini ya robo pia amenikataza kuendesha, maana petroli ndiyo inayoipoza pampu. Boksi langu sasa linakaa juu ya trei ya plastiki, aliyonitafutia yeye mwenyewe bandani.