Darasa la salsa Mji Mkongwe: siku ya mwanzo hatukucheza, tulihesabu tu

Nimemaliza mwezi kwenye darasa moja la salsa huku Mji Mkongwe, juu ya paa, wanaanza baada ya Isha, elfu 10 kwa siku. Naandika kwa sababu mie nilishajifunza kwa video za kwenye simu karibu mwaka mzima, hatua nazijua zote lakini ikipigwa nyimbo napotea, na najua tuko wengi.

Siku ya mwanzo mwalimu hakutupa hata hatua moja. Katukalisha mkekani, kaweka nyimbo ya taratibu, tupige makofi tuhesabu moja mpaka nane, basi. Nilikasirika, nimelipa nije kukaa? Siku ya pili ndo nikafahamu. Salsa unahesabu nane lakini unakanyaga sita: moja mbili tatu, nne unatulia, tano sita saba, nane unatulia. Sasa ile nne na nane ndo pale konga, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, inapolia du-du, wazi kabisa, sikio linavutwa na ule mlio na mguu unaufata, hapo hapo ushapotea. Yaani mwaka mzima nilikuwa nakanyaga pa kutulia! Mwalimu anakwambia iache konga kwanza, tafuta kengele ya chuma ndani ya nyimbo, inagonga moja, tatu, tano, saba, hiyo ndo ya kuishikilia.

Kilichonifurahisha khasa, wiki ya pili mwalimu kaja na vijiti viwili akaanza kugonga klave, ule mdundo wa Kuba unaoishikilia salsa, mapigo matano ndani ya ile nane, dada mmoja pembeni yangu akasema "si mkwasa huo?" Na kweli, sisi tuliokulia kwenye kidumbak, ngoma zetu za harusi, mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, tunaujua na cherewa, manyanga ya vifuu, tunaijua, mapigo siyo yale yale ya Kuba lakini sikio lishazoea kumfata mtu wa vijiti. Tokea siku hiyo darasa zima lilibadilika wallahi.

Kasoro zipo. Wanachelewa nusu saa, na spika ni ndogo mno, ukivuma upepo wa bahari kengele huisikii, na kengele ndo somo lenyewe, waibadilishe tafadhali. Dada zangu wenye wasiwasi, kucheza na mtu si lazima, nusu ya somo kila mtu yuko peke yake na ukitaka kubaki hivo hakuna anaekulazimisha.

Wiki ijayo tunajifunza kuvunja hatua, yaani pale mguu unapogeuza mwelekeo, kwenye mbili badala ya moja, kama wanavocheza New York. Nishalipa.